Neno Linalolingana na Jambo

Mhadhara kwa walimu wanafunzi, walimu walio kazini na wazazi, Tanga

Mmenitaka nizungumze juu ya uangalifu wa maneno kama alama ya tabia njema. Naomba nianze na methali ambayo, ukiisikia juu juu, inaipinga mada yenyewe.

Maneno makali hayavunji mfupa. Nani kati yetu hakuambiwa hivyo utotoni? Mtoto katukanwa bombani, anarudi na ndoo nusu, analia. Bibi anamfuta machozi, anamwambia maneno makali hayavunji mfupa, nenda kaoge uje ule. Tazameni methali ile anaambiwa nani. Anaambiwa aliyetukanwa, apate nguvu ya kurudi bombani kesho. Aliyetukana hakupewa methali hiyo na wahenga. Lakini siku hizi naisikia kinywani mwake yeye: "Ni maneno tu, kwani nimemvunja mfupa?" Faraja ya mwonewa imegeuzwa kibali cha mwonezi, na sisi tuliomo kwenye kazi ya kulea tumeiacha ipite.

Anayetaka ushahidi kwamba maneno huvunja mifupa asihangaike kwenda mbali. Aende Arusha. Pale, katika jengo la mikutano la kimataifa, ilikaa kwa miaka takriban ishirini Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliiunda Novemba 1994, ikafunga kazi mwishoni mwa 2015. Tarehe 3 Desemba 2003 mahakama hiyo iliwahukumu watu watatu: Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waliokuwa miongoni mwa waanzilishi wa redio RTLM, na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Rufaa ya mwaka 2007 iliwafutia baadhi ya makosa na kuwapunguzia adhabu, lakini hakuna aliyetoka bila hatia: Nahimana alibaki na miaka 30, Barayagwiza 32, Ngeze 35. Mwaka 2000 mtangazaji wa redio hiyo hiyo, Mbelgiji Georges Ruggiu, alikuwa amekwisha kukiri mwenyewe, akafungwa miaka 12. Alichokiri kilifanyika studio, mbele ya kipaza sauti.

Nataka walimu mnisikilize hapa. Nahimana alikuwa mwalimu wa historia wa chuo kikuu. Hakuwa mtu asiyejua maana ya maneno. Tunapenda kudhani kwamba lugha chafu ni ya watu wasiosoma, ya vijiweni na stendi, na kwamba shule itaiponya. Kangura liliandikwa na watu waliojua kuandika. RTLM ilianza kurusha matangazo Julai 1993, yakiwa na muziki mzuri na utani wa kuvutia vijana, na watu waliipenda. Kufikia Aprili 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza, masikio yalikuwa yamekwisha kuzoea.

Yalizoea nini? Neno moja lilikuwa inyenzi, yaani mende. Lilianza miaka ya 1960 kwa wapiganaji waliokuwa wakivuka mpaka usiku, kisha likapanuliwa taratibu mpaka likamfunika Mtutsi yeyote, hata mwanafunzi wa darasa la pili. Hilo ni tusi, na kila mtu analitambua kuwa tusi. Neno la pili linanitisha zaidi, kwa sababu halina tusi hata kidogo. Ni neno kazi. Watu walihimizwa waende kazini. Waliulizana kama kazi imekwisha mtaa fulani. Neno ambalo mzazi humfundisha mtoto kwa fahari, neno ambalo sisi Watanzania tuliliweka kwenye salamu na kwenye kaulimbiu, lilitumika kuita kitendo cha kumkata jirani kwa panga.

Ndiyo maana naogopa tunapofundisha adabu ya ulimi kana kwamba ni utamu wa ulimi. Mwambie mtoto asitukane, aseme maneno mazuri, na imekwisha? Haijakwisha. Mtu anaweza kupita maisha yake yote bila kutamka tusi na akawa mtu mbaya wa maneno. Mwalimu Julius Nyerere, akiwa Rais wa nchi changa yenye shida zote tunazozijua, alipata wakati wa kutafsiri tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar, na tafsiri ikatoka mwaka 1963. Aliyeisoma anakumbuka hotuba ya Antony mbele ya maiti. Hamtukani Brutus hata mara moja. Anamwita mtu wa heshima, anarudia, anarudia tena, na kila anaporudia heshima inapungua, mpaka umati unaondoka pale ukitafuta nyumba za kuchoma. Baadaye kidogo umati huo unamkamata mshairi aitwaye Cinna, asiye na kosa lolote, unamuua kwa sababu tu jina lake linafanana na la mmoja wa waliokula njama. Kati ya neno heshima na damu ya mshairi yule ulipita muda mfupi sana.

Kenya nao walipita hapo. Katika Bonde la Ufa watu wa makabila mengine waliitwa madoadoa, na kulikuwa na wito wa kuyaondoa. Doa ni kitu cha kwenye shati, mama hulifua kila Jumamosi. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua watu zaidi ya 1,100. Mwaka 2008 ikatungwa sheria, ikaundwa Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano, na mwaka 2022 tume hiyo iliorodhesha maneno ya kuepukwa, madoadoa likiwemo. Naiheshimu kazi hiyo, na nisingependa ifutwe. Ila orodha ina kikomo chake. Utaliandika madoadoa, utaliandika mende. Je, neno kazi utalipiga marufuku? Mwenye nia mbaya hakosi neno safi la kuivisha nia yake.

Basi kipimo ni kipi? Jibu langu ni hili: neno la mtu mwema ni lile linalolingana na jambo lenyewe. Halizidi, halipungui, halisogei pembeni. Mende si Mtutsi. Kuua si kazi. Watangazaji wale walikuwa wakatili, na pia walikuwa waongo, na uongo wao ulianzia kwenye majina waliyoyapa mambo. Anayechukua taabu ya kutafuta neno linalolingana anaonyesha kwamba anamheshimu yule anayesemwa kiasi cha kumtazama vizuri kabla ya kumtaja. Hiyo taabu ndiyo tabia ninayoizungumzia.

Niwaletee mfano wa nyumbani, na huu nitakaa nao, maana tumeuishi sote.

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani Kagera. Watu walikuwa hawajui ni ugonjwa gani. Kule Kagera wakauita Juliana, kwa jina la vitambaa vya mtindo vilivyokuwa vikiletwa na wafanyabiashara wa mpakani. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, waliuita slim kwa namna ulivyomkondesha mtu. Siwalaumu. Watu walikutana na kitu wasichokijua, wakakipa jina la walichokiona. Lakini miaka ikapita, jina likapatikana, elimu ikapatikana, na sisi tukaendelea kutunga. Amekanyaga waya. Amepata umeme. Ana ngoma. Ana mdudu. Tulitunga kwa ustadi, Kiswahili chetu hakikosi ustadi, na kila neno jipya lilipofika kijiweni liliwachekesha watu.

Ustadi ule ulifanya kazi gani? Fikirini kijana aliyeketi pembeni ya kahawa jioni. Anasikia jirani yake akisemwa kwamba amekanyaga waya, watu wanacheka, mmoja anaiga mtu anayerushwa na umeme. Kijana huyo ana wasiwasi na afya yake, na alikuwa amepanga kwenda kupima Jumatatu. Hataenda. Amekwisha kusikia atakavyosemwa. Hakuna aliyemtukana, hata jina lake halikutajwa. Waliokuwa wakicheka si watu wabaya. Baadhi yao walichangia mazishi ya waliokufa kwa ugonjwa huo, wakabeba jeneza, wakachimba kaburi. Hilo ndilo linaloniumiza: mkono ulikuwa mwema na ulimi ulikuwa ukimchimbia mwingine kaburi.

Na utani ule, zaidi ya ukatili wake, ni uongo. Anayekanyaga waya wa umeme huweza kufa papo hapo. Tangu mwaka 2004, dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure katika hospitali zetu, mtu aliyegundulika mapema na kunywa dawa zake sawasawa anaishi, anafanya kazi, analea wanawe, anazeeka. Virusi vikifubazwa mpaka visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Hayo ndiyo yaliyopo. Kwa hiyo watu wa afya walipotuomba tuache hata neno mwathirika, tuseme mtu anayeishi na VVU, wapo waliosema ni kurembesha mambo, maneno ya semina na posho. Sikubaliani nao. Hesabuni ukweli uliomo katika kila neno. Mwathirika anatazamwa kwa kile kilichompata, basi. Anayeishi na VVU anaishi, na kweli anaishi. Neno refu limeshinda kwa usahihi, na upole wake umekuja pamoja na usahihi huo.

Uganda walimpata mtu aliyelielewa jambo hili mapema kuliko wengi wetu. Mwanamuziki Philly Bongoley Lutaaya, aliyekuwa akipendwa nchi nzima, alirudi kutoka Sweden na mwaka 1989 akatangaza hadharani kwamba ana UKIMWI. Wakati ule hakuna mtu mashuhuri pale aliyekuwa amefanya hivyo, na wapo waliomwambia anatafuta soko la nyimbo. Alizunguka mashuleni na makanisani akizungumza, afya ikizidi kumtoka, na Desemba mwaka huo huo akafariki. Angeweza kujificha nyuma ya maneno ya mafumbo ambayo kila mtu alikuwa akiyatumia, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye aliutaja ugonjwa kwa jina lake, akautaja juu ya mwili wake mwenyewe. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba kuchagua maneno ni woga. Pale Kampala mwenye maneno yaliyochaguliwa vizuri kuliko wote ndiye aliyekuwa jasiri kuliko wote.

Walimu, jambo hili liko darasani kwenu. Kuna mtoto anayekunywa vidonge kila siku kwa saa ile ile, aliyezaliwa na virusi asivyoviomba. Bwenini anaficha kopo chini ya nguo. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI inakataza kumnyanyapaa, na ni vizuri ipo. Lakini sheria haimsikii mwalimu anapofanya mzaha wa dakika moja katika kipindi cha sayansi, darasa likacheka, na mtoto yule akaamua kuanzia siku hiyo kuviacha vidonge.

Na wako wengine, wengi zaidi, ambao ugonjwa wao ni hesabu tu. Huyu tunamwita kilaza. Tunaandika kwenye ripoti: mzito wa kuelewa, mvivu, hana uwezo. Ripoti ile inakwenda nyumbani, inasomwa kwa sauti mbele ya wadogo zake, na mzazi ambaye hakusoma sana anaamini, kwa sababu imeandikwa na mwalimu na ina mhuri. Mtoto wa miaka kumi hana jibu la mhuri.

Ukimuuliza mwalimu aliyeandika mvivu ana maana gani, mara nyingi hana. Hajui kama mtoto yule haoni ubao. Hajui kama anaamka saa kumi alfajiri kuuza vitumbua na mama yake. Mvivu ni neno alilolifikia haraka kwa sababu ripoti zilikuwa nyingi. Upande wa pili, yuko mwalimu mpole ambaye kwa watoto wote, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, anaandika ongeza juhudi. Naye simsifu. Neno lake halimuumizi mtu, lakini halimwambii mtu kitu. Mtoto aongeze juhudi wapi? Katika nini? Lile ni neno lililovaa vizuri lisilo na mtu ndani.

Linganisheni na hili: "Kujumlisha na kutoa anamudu. Kugawanya kwa tarakimu mbili bado. Anakosea anapobaki na salio. Tafadhali mkalisheni mbele, nadhani haoni vizuri ubaoni." Hakuna sukari humo. Limesemwa wazi kwamba hajui kugawanya, na hilo ni kali kuliko ongeza juhudi. Lakini mzazi anajua afanye nini, mtoto anajua kwamba kuna anachokiweza, na wote wawili wanajua kwamba mwalimu alimtazama. Najua darasa lina watoto themanini, pengine mia. Najua. Basi anza na wale ambao kalamu yako ilikuwa inataka kuwaandikia tusi. Hao ndio wa haraka.

Nirudi nyuma kidogo kwa wazee wetu, maana tumerithi mengi kwao katika jambo hili, na ni haki kuangalia urithi wote. Mwaka 1858, kule pwani ya kaskazini katika visiwa vya Lamu, Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka mtawala wa Siyu, alimtungia binti yake utendi wa wosia. Alikuwa mgonjwa, na hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Miongoni mwa mambo ya mwanzo kabisa anayomwusia ni adabu na ulimi mwema. Wanawake wa pwani wameuhifadhi utendi ule kwa vizazi, na mimi naupenda. Lakini humo humo, mama huyu huyu mwenye hekima anamwonya binti asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Wakati ule ndivyo mambo yalivyokuwa. Soko la watumwa la Unguja lilikuja kufungwa mwaka 1873. Simhukumu marehemu aliyeandika akiwa kitandani. Ninachosema ni kwamba adabu yetu ya pwani, nzuri kama ilivyo, ilikuwa na mpaka, na mpaka ule ulipita ndani ya nyumba, baina ya ukumbi na jiko.

Je, umeondoka? Kaeni katika nyumba nyingi za mjini kwa siku moja, msikilize. Mgeni akija: karibu, karibu sana, naomba ukae hapa, samahani kwa usumbufu. Mwalimu mkuu akipiga simu: shikamoo, naomba radhi sikuisikia simu. Kisha, bila hata kubadili pumzi: "We! Lete maji!" Anayeambiwa we, msichana wa kazi, ana jina, alilopewa siku ya saba kama watoto wengine, na amekaa katika nyumba hiyo tangu mwaka juzi. Akienda dukani vijana wanamwita beki tatu. Watoto wa nyumba wanamsikia mama akimwita hivyo anapozungumza na shoga zake, nao wanajifunza hapo somo la adabu ambalo hakuna mwalimu atakayeweza kulifuta: kwamba naomba ni neno la kupanda juu, kwa mwenye uwezo wa kukudhuru au kukufaa.

Kwa hiyo ukitaka kujua tabia ya mtu kwa maneno yake, usimsikilize anapozungumza na mkwe. Hapo hata mwizi ana adabu. Msikilize anapozungumza na konda aliyechelewa kumpa chenji, na mama ntilie aliyesahau pilipili, na mtoto aliyevunja glasi. Msikilize anapomzungumzia mtalaka wake. Watu hawa ama hawana nguvu ya kumjibu ama hawapo.

Niseme jambo moja pembeni, maana tuna wageni humu. Uangalifu wa maneno ni pamoja na uangalifu wa masikio. Mtu wa Tanga au Unguja akienda Nairobi akasikia mtu anamwambia mhudumu "niletee chai", anakunja uso, anasema watu hawa hawana adabu. Si kweli. Kule ndivyo wanavyosema, mhudumu hakuona ubaya wowote, na ukiangalia uso wa msemaji utaona anatabasamu. Vivyo hivyo ndugu zetu wa Lubumbashi na Bujumbura wana Kiswahili chao, na wana heshima yao ndani yake. Anayetumia ufasaha wake kuwadharau wasioongea kama yeye ameshindwa mtihani huu huu tunaouzungumza.

Sasa, kuna swali ambalo vijana huniuliza, na ni swali la haki. Kama kila mtu atachunga maneno, nani atamwambia mkubwa kwamba amekosea? Si adabu hiyo hiyo inayotumiwa kutunyamazisha? Ndiyo, hutumiwa hivyo. Mara nyingi "huna adabu" maana yake ni "umesema kweli mbele za watu". Lakini mji huu wa Tanga umetupa jibu, kupitia mwanawe Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962. Katika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951 tukiwa bado chini ya Waingereza, Karama anashtakiwa kwa sababu ameanza kufundisha watu sheria. Mshtaki wake, waziri Majivuno, anatumia ukali na vitisho. Karama hatukani. Pia habembelezi. Anaeleza habari za wajumbe sita, mmoja baada ya mwingine, waliotumwa kutafuta mema kwa ajili ya nchi, na kila mmoja aliporudi alitupwa gerezani. Anawataja kwa majina yao: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa, Amini. Anaeleza kila mmoja alikwenda wapi, aliona nini, alifanywa nini. Mfalme hana tusi la kulishika ili abadilishe mada. Ana mambo yaliyotokea, yamepangwa mbele yake kwa jina na kwa mfuatano, na mwishowe anamwachilia. Karama angemwita Majivuno mshenzi, kesi ingekuwa ni ya ushenzi wa Majivuno, na wajumbe sita wangeoza gerezani.

Kijana anayelalamika kwamba halmashauri imekula fedha za madawati, basi, afanye kama Karama. Asiandike wezi wakubwa nyie. Aandike madawati mangapi yaliahidiwa, mangapi yamefika, watoto wangapi wanaketi sakafuni. Tusi lina faida kwa anayetukanwa akiwa na hatia: linampa nafasi ya kukasirika badala ya kujibu.

Hapa ndipo simu zetu zinapoingia, na nitapita upesi kwa sababu mnazijua kuliko mimi. Mtu anapokea sauti usiku kwamba fulani amefumaniwa, au amefariki, au ndiye aliyeiba michango ya msiba. Anairusha kwenye makundi matano na chini anaweka "kama nilivyopokea". Anadhani maneno hayo mawili yamemwosha. Kusambaza ni kusema. Sikio la anayepokea halitofautishi aliyetunga na aliyepeleka, na binti aliyesingiziwa hatofautishi pia. Wazee wetu wa dini zote mbili walituonya juu ya hili kabla hapajakuwa na simu: Sura ya Al-Hujurat inakataza kubezana, kuitana majina ya kejeli na kusengenyana, na inataka habari ichunguzwe kabla ya kuaminiwa, nao Waraka wa Yakobo unatumia sehemu kubwa ya sura yake ya tatu juu ya ulimi. Hatuna kisingizio cha kutofundishwa.

Nimalizie na lile ambalo huwa hatulifundishi kabisa, nalo ni nini cha kufanya neno likishatoka. Maana litatoka. Mwalimu aliyechoka, kipindi cha nane, jua kali, atamwita mtoto ng'ombe. Kisha jioni moyo unamsuta, na kesho yake anamwita mtoto ofisini, anampa kalamu mpya au anamsifia bila sababu, naye anahesabu kwamba yamekwisha. Hayajakwisha, kwa sababu tusi lilitolewa mbele ya watoto themanini na radhi imeombwa mbele ya kuta. Wale themanini bado wanaye ng'ombe wao, na wakati wa mapumziko watamwita hivyo.

Radhi iende mahali tusi lilipokwenda. Kama ulisema darasani, simama darasani, mtaje mtoto kwa jina lake, sema neno ulilosema na useme halikuwa kweli. Usiseme "kama nilimkwaza mtu". Unajua ulimkwaza nani. Kama uliandika kwenye ripoti, iandike upya na kuitia mhuri ule ule. Kama uliirusha sauti kwenye makundi matano, peleka sahihisho kwenye makundi yote matano, si kwa binti peke yake kwa faragha. Na kama mojawapo limekwisha kufungwa, tafuta wale waliokuwamo mmoja mmoja na uwaambie. Ni kazi ndefu, na wengi watakushangaa, na wapo watakaosema umejishushia hadhi ya ualimu. Waache waseme. Mtoto wa dawati la nyuma atakuwa amesikia jina lake likitamkwa sawasawa na mwalimu wake, mbele ya wale wale waliosikia lile lingine.